Nani Alikuwa Akiipima Pini?

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la Asta, limetazamana na geti la kiwanda kinachotengeneza mashine za kunyanyulia wagonjwa. Upepo wa hapa Jutland, ng’ambo ya bahari kutoka Sweden, hauna likizo, kwa hiyo tunakaa tumebanana kama vitabu kabatini. Yuko Redio, jina lake Vibeke, mhudumu wa kantini ya kiwanda, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Yuko Boliti, yaani Torkild, fundi wa kuunganisha mashine, goti limemweka nyumbani tangu Pasaka. Yuko Mzee Ejnar, tunayemwita Milimita, aliyechora mashine hizo miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Na mimi ni Bahasha, kwa kuwa nilikuwa tarishi. Alhamisi ile, saa nne asubuhi, Redio alivuka barabara bila kutazama baiskeli, aproni kiunoni, chupa ya kahawa kwapani, uso umempauka.

Redio: Sogeeni jamani, nikae.

Boliti: Wamekufukuza?

Redio: Afadhali wangenifukuza. Yule Solvej, mtafiti wa chuo kikuu, leo ametoa matokeo yake pale kantini. Wakubwa wote wamekaa mbele. Mimi napanga vikombe, nasikia kila neno.

Mimi: Solvej yupi? Yule binti anayeuliza watu wanafanyaje kazi zao?

Redio: Huyohuyo. Miaka miwili anauliza.

Boliti: Hata mimi alinijia. “Torkild, kabla hujakaza boliti hii, nani amekwambia uikaze?” Nikamwambia karatasi. “Na karatasi kaandika nani?” Nikamwambia dada, mimi nimeajiriwa kukaza, sijui ukoo wa karatasi.

Redio: Basi huo ukoo wa karatasi ndio alioubandika leo. Ukuta mzima! Kila kazi ina kisanduku chake, na kila habari inayotoka kwa huyu kwenda kwa yule ina mshale wake. Anasema mashine haibuniwi na mtu mmoja, inabuniwa na watu wanaopeana habari. Ukitaka kujua itaharibikia wapi, anasema, iache mashine, fuata mishale.

Milimita: Maneno ya darasani hayo. Sisi tulikuwa na penseli na akili.

Redio: Ngoja kwanza, mzee wangu. Katikati kuna kisanduku kimoja chekundu. Kimeandikwa: kuhakiki nguvu ya pini. Hakina mshale unaoingia, hakina unaotoka.

Boliti: Pini ipi? Usiniambie ile ya mkono.

Redio: Hiyohiyo.

Boliti akaweka kikombe chini. Pini yenyewe haizidi kidole gumba kwa unene, lakini ndiyo inayoushika mkono wa mashine, na kwenye mkono huo ndipo mgonjwa anaponing’inia ndani ya kitambaa, akitolewa kitandani kwenda kwenye kiti. Pini ikikatika, mtu yuko sakafuni.

Redio: Wachoraji wakasema hiyo ni kazi ya idara ya majaribio. Majaribio wakasema aa, sisi tunapima mota na breki, pini hutufikia imeshapigiwa hesabu na wachoraji. Wakatazamana. Haki ya Mungu, nimeona watu wazima wakigeuka rangi ya maziwa.

Mimi: Unataka kuniambia pini haipimwi na mtu?

Redio: Zamani ilipimwa! Hapo ndipo nilipoangusha sahani. Solvej katoa michoro ya zamani. Kila mchoro, pembeni ya pini, kuna alama ndogo ya vema kwa penseli ya kijani, na tarakimu mbili tatu. Hakuna jina, hakuna saini. Kila walipobadilisha kitu, alama ipo. Halafu miaka minne iliyopita, kimya. Na mwaka juzi ndipo walipourefusha mkono.

Boliti: Weee! Kwa sentimita kumi na mbili. Mimi nilikuwepo.

Redio: Solvej akauliza, jamani, kijani hiki cha nani? Hakuna anayejua.

Mimi: Labda mkaguzi wa serikali.

Boliti: Mkaguzi gani anakuja bila kula keki? Huyo ni marehemu mwenye kiwanda. Alikuwa anazunguka na fimbo yake, hasemi na mtu.

Redio: Marehemu ana miaka kumi na tano kaburini, na alama zimeisha juzijuzi.

Boliti: Ndiyo nasema. Kwani wafagiaji hawakusema viti vya chumba cha michoro hujisogeza?

Mimi: Acheni hizo. Huyo ni jasusi wa washindani wetu wa Sweden. Kaja kuiba michoro, kakuta hesabu mbovu, roho ikamuuma, akawa anatusahihishia.

Redio: Jasusi mwenye huruma!

Boliti: Au kompyuta yenyewe.

Redio: Kompyuta ishike penseli, Boliti? Hilo goti limepanda kichwani.

Tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha watu wenye hofu, kila mmoja akimtegemea mwenzake aendelee. Nikageuka kumwongezea Milimita kahawa nikaona kahawa imemwagikia suruali, na wala hana habari.

Mimi: Mzee Ejnar, umeungua.

Milimita: Penseli ni yangu.

Boliti: Ipi?

Milimita: Hiyo ya kijani. Ni mimi.

Milimita aliongea akitazama geti, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

Milimita: Nilipokuwa kijana, kiwanda kingine, ndoano ilikatika. Haikumwua mtu, ilikuwa imebeba gunia. Lakini ule mlio nilikwenda nao nyumbani. Tangu hapo kila pini iliyopita mezani kwangu niliipigia hesabu upya wakati wa chakula, mkate mkono mmoja. Hakuna aliyenituma. Na ningesema, ningeonekana siwaamini wenzangu.

Redio: Sasa mzee, ulipoondoka hukumwachia mtu?

Milimita: Walinipa maua. Nikakabidhi funguo, nikakabidhi kabati. Hili sikulikabidhi. Unakabidhije kazi ambayo hukupewa? Nilidhani kuna mtu anaifanya rasmi, mimi yangu ni tabia tu ya mzee mwoga.

Mimi: Na Solvej hukumwambia?

Milimita: Aliwauliza waliopo. Mimi sipo.

Boliti alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama mikono yake mwenyewe.

Boliti: Mimi ndiye niliyezipachika. Tangu mkono mrefu ulipoanza, mpaka Pasaka hii. Mia sita na kitu. Nazigonga na nyundo, naimba.

“Samahani,” ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa mama mmoja, kashika baiskeli yenye mkate wa shayiri kwenye kikapu. Sijui alisimama pale tangu lini. Akasema anaitwa Bodil, na mume wake, Aksel, alipigwa na kiharusi.

“Hiyo mashine ya mkono mrefu ninayo chumbani,” akasema. “Asubuhi nimemtoa nayo kitandani. Sasa hivi yuko kwenye kiti. Saa sita lazima arudi kulala, mgongo humuuma. Nimnyanyue, au nisimnyanyue?”

Boliti alimtazama Milimita. Milimita alianza, “Nikijua unene wa pini, na uzito wa...” halafu akanyamaza, maana yule mama hakuuliza hesabu.

“Usimnyanyue, mama,” akasema mwishowe. “Tunakuja.”

Redio alivuka barabara kurudi kiwandani, na safari hii alikuwa anakimbia. Sisi watatu tulimfuata Bodil, Boliti akichechemea, Milimita akipita kwake kuchukua bisibisi na kifaa chake cha kupimia. Tulimkuta Aksel dirishani, mtu mkubwa, mabega ya mkulima. Tulimtoa kwenye kiti kwa shuka, watu wanne, kila mmoja pembe yake, tukahesabu moja mbili tatu kwa sauti. Tulipomlaza akatutazama mmoja mmoja, upande mmoja wa mdomo ukicheka.

“Leo... wageni... wengi,” akasema.

Milimita aliichomoa pini, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliipangusa, akaipima mara tatu, akaandika juu ya mfuko wa mkate. Kisha akamwonyesha Boliti ufa, mstari mwembamba kama unywele uliozunguka nusu ya chuma. Boliti aliugusa kwa ukucha. Ukucha ukakwama. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, na nilimwacha huko, kwa kuwa alikuwa analia.

Saa nane mchana ule kiwanda kilisimamisha kazi. Redio alikuwa ameingia na aproni yake katikati ya kikao cha wakubwa akawaambia mzee wa penseli amepatikana, na Milimita alipofika aliiweka pini mezani bila salamu. Simu zilipigwa nyumba kwa nyumba, hospitali kwa hospitali: msiitumie mpaka fundi afike. Katika zile mia sita na kitu, tisa zilikuwa na ule mstari. Hakuna aliyeanguka. Boliti hilo amelirudia kila asubuhi tangu siku hiyo, hakuna aliyeanguka, kama anayeomba athibitishiwe.

Kesho yake Solvej mwenyewe alikuja benchini. Binti mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bomba la karatasi begani. Tulimpisha, Redio akammiminia kahawa. Alimwomba Milimita radhi kwa kutogonga mlango wake, Milimita akasema hapana, mwanangu, kosa si lako peke yako. Akaikunjua michoro yake magotini mwetu wote watano, upepo ukitaka kuipeperusha, akaandika ndani ya kile kisanduku chekundu: Ejnar, wakati wa chakula. Akachora mshale wa kuingia na mshale wa kutoka.

Kisha akainua kalamu.

“Mzee Ejnar,” akasema, “ni nini kingine ulichokuwa ukifanya bila kutumwa?”

Milimita alifikiri. Alitazama ukuta wa kiwanda, dirisha la ghorofa ya pili lililokuwa lake. 

“Sijui,” akasema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. “Mwanangu, sijui.”

Solvej akamgeukia Boliti, kisha Redio, kisha mimi, kalamu ikisubiri jibu la swali lilelile.