Abiria wa Dirishani katika Pikapu ya Mzee Eliseo Abeyta

Padre, ndugu, majirani na marafiki mliofika licha ya theluji hii, familia imenituma mimi mjukuu, Ramona, niwasomee maisha ya marehemu, kuanzia alipozaliwa mpaka alipotuacha, na mjane wake, Bibi Orlinda, ameagiza lisirukwe hata lile ambalo watu wa hapa hulisema kwa kunong'ona.

Marehemu Mzee Eliseo Abeyta alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Los Alisos, milima ya kaskazini ya New Mexico, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Abrán na marehemu Tomasita, akimfuata kaka yake Delfín, ambaye ndiye aliyemfundisha kuogelea kwenye mfereji, kuchuma pilipili bila kujigusa macho, na kuendesha gari kabla miguu yake haijafikia breki vizuri.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akaendelea na sekondari Española, akamaliza Mei 1967, na mwaka uliofuata akaajiriwa na idara ya barabara kuendesha greda, akisukuma theluji wakati wa baridi na kusawazisha changarawe wakati wa joto, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Harusi yake na Bibi Orlinda Vialpando ilipangwa Jumamosi ya tarehe 12 Juni 1971, na Delfín, aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi, alikuwa anakuja na pikapu yake ya mwaka 1951, ameipamba maua ya karatasi, ili bwana harusi mwenyewe aiendeshe mpaka kanisani, bibi harusi akiwa amekaa katikati ya kiti, ubavuni kwa mumewe, mahali ambapo mchumba hukaa, naye Delfín akae dirishani. Hakufika. Pikapu ilikutwa Kona ya Cuchilla imeegemea mwamba, hakuna gari jingine, maua hayajachanika hata moja, na Delfín alikuwa peke yake ndani, amekaa upande wa dirisha la kulia, mbali na usukani, mikono magotini kama abiria, amekufa. Wengine walisema kishindo ndicho kilichomrusha upande ule, wengine walipiga ishara ya msalaba, na familia ikasimamisha msalaba pale kwenye kona, kama ilivyo desturi yetu kwa waliofia njiani.

Marehemu na Bibi Orlinda walifunga ndoa tarehe 4 Septemba mwaka huo huo, bila muziki, wakaenda kanisani kwa miguu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bernarda, aliyezaliwa 1973, na Abrán, aliyezaliwa 1976, pamoja na wajukuu watano.

Pikapu ilivutwa mpaka nyumbani ikawekwa bandani, kuku wakalala humo kwa miaka mingi, mpaka marehemu alipostaafu, akawafukuza kuku na kuanza kuifufua. Aliitoa bodi juu ya chesisi, akapiga msasa kutu yote kwa mkono, akakata sakafu iliyooza na kuchomelea bati jipya, akafungua injini na kuisuka upya, akitamani jambo moja tu ambalo hakumficha mtu, kwamba Bibi Orlinda apande siku moja, akae katikati, na safari ile ya kanisani imalizike.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, Mzee Facundo Vialpando, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu haya yasomwe. Pikapu iliposimama tena juu ya magurudumu yake, waliona upande wa kulia umelala chini kwa vidole viwili.

"Shemeji, sakafu ya banda lako ndiyo iliyopinda," alisema Mzee Facundo.

Walipima sakafu kwa pima maji, ikawa sawa. Wakanunua springi mpya, wakafunga, upande wa kulia ukalala vile vile, wakahamisha za kulia kushoto na za kushoto kulia, bado.

"Basi huyu abiria wako amekula tamale nyingi!" alitania Mzee Facundo.

Bibi Orlinda, aliyekuwa akianika nguo mbele ya banda, aliwaambia bila kugeuka, "Mnahangaika bure, nyie wazee. Mtu amekaa humo."

Mzee Facundo alicheka, akaenda akafungua mlango wa kulia, akainama kama mhudumu wa hoteli na kusema, "Samahani bwana, hebu shuka kidogo tupime." Ilikuwa mchana kweupe, hakuna upepo, hakuna aliyegusa kitu kingine chochote, na pikapu ikanyanyuka upande wa kulia, taratibu, bila mlio, mpaka ikakaa sawa. Marehemu aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya muda mfupi upande ule ukashuka tena. Mzee Facundo alikusanya spana zake, na tangu hapo hakukanyaga banda lile mpaka juzi.

Mafundi wa sehemu nyingine wangenyanyua upande ulioshuka, lakini hapa kwetu gari linapendeza likiwa chini, likitambaa, kwa hiyo marehemu alichukua msumeno akakata springi za kushoto mpaka pande zote zikalingana. Bernarda alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Asipotaka kushuka, nami nateremka nikae naye." Akaipaka rangi ya zambarau, na kila Jumapili ya Pasaka watu waliokuwa barabarani Española waliishangilia, wakisema hawajawahi kuona pikapu iliyolala chini ikalingana vile.

Kila tarehe 12 Juni marehemu alivaa suti, akaileta pikapu mbele ya mlango wa jikoni.

"Orlinda, panda basi. Kanisani ni hapo tu."

"Nikae wapi? Mapajani kwake?"

"Katikati, mama. Mahali pako."

"Nenda, Eliseo. Nenda na mwenzako."

Naye alikwenda, akarudi, bila kununa, akala maharage yake.

Mnamo Oktoba 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa mjini Albuquerque, akarudishwa na mtungi wa hewa, na mchana alipenda kukaa kwenye pikapu, mkono mmoja juu ya usukani. Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, baada ya chakula cha mchana, Bernarda alikwenda kumwita akamkuta ameshatutoka, amekaa upande wa dereva, uso umeelekea kulia kama mtu aliyekuwa akisikiliza.

Juzi, tulipokuwa tunapanga namna ya kumbeba, Mzee Facundo aliingia bandani na pima maji, akatoka amekunja uso, akasema sasa upande wa kushoto nao umeshuka vidole viwili, na pikapu haina mtu. Wanaume wote walikataa kuiendesha. Bibi Orlinda alifuta mikono kwa aproni, akasema, "Basi safari hii nitapanda. Nilishindwa kukaa kati ya aliye hai na aliyekufa, nimgeukie nani? Sasa wako sawa."

"Mama, na usukani atashika nani?" aliuliza Bernarda.

"Mwenye gari."

Jana mchana vijana waliisukuma uani kwa majaribio, Bibi akiwa katikati, injini imezimwa, na pikapu ilikata kona ya lango yenyewe bila kugusa nguzo.

Kwa hiyo baada ya misa jeneza litawekwa nyuma, pikapu itasukumwa kwa mikono kuteremka mpaka makaburini, na familia inawaomba kwa heshima, mtu yeyote asifungue milango ya mbele, asikae upande wowote wa Bibi, na watoto wasichungulie vioo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni, maharage na pilipili, Padre kwa maombi yake, na wenzake wa idara ya barabara walioamka leo wakasafisha theluji mpaka kwenye lango la makaburi.

Babu, mkeo amepanda. Endesha polepole, kisha mpumzike, wewe na ndugu yako, katika amani ya Bwana.