Kondoo Walioingia Kwenye Chai

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe mara ya pili na wale waliocheka zaidi siku ile, maana leo nashuhudia bila kinyongo!

Mimi ni Kipngeno, mchoraji. Nilikuwa nachora vibao vya kinyozi huku Sotik, na kila kichwa nilichochora kilifanana na kile kingine. Shule iliniishia mapema, lakini ndoto hazikuisha. Mama, anayechuma chai yetu kidogo hapo nyumbani, alinivumilia mpaka uvumilivu wenyewe ukachoka. Basi pasta aliponipa ukuta wa nyuma ya madhabahu nichore Mchungaji Mwema na kondoo wamelala malishoni, tukapatana na Mama. Ukuta ukikubalika, naendelea kuchora. Ukikataliwa, naenda Chepseon kumsaidia mjomba kusaga unga kwa posho mill yake.

Ndugu zangu, nilichora kwa kufunga na kuomba! Lakini kijani ninachokijua mimi ni kimoja tu. Nimezaliwa kwa chai, nimeenda shule nikipita katikati ya chai. Mkono ukaenda wenyewe: mistari imenyooka, juu imekatwa sawa kama meza. Nikaweka kondoo ndani, weupe, wanene. Nikaona ni vyema.

Jumapili shuka iliyofunika ukuta ikatolewa. Kanisa likanyamaza, nikadhani ni upako. Kumbe! Mzee Langat, ambaye hajawahi kuinua mkono kanisani, akauinua.

“Pasta,” akauliza polepole, “hiyo chai ni ya nani? Na mwenyewe amejulishwa kwamba kondoo wameingia?”

Watu wakashika mbavu. Mwingine huko nyuma akasema huyo mchungaji si mwema, angekuwa mwema hangeachilia mifugo kwa shamba la watu, huyo ni wa kupelekwa kwa chifu. Pasta alikohoa mpaka akaketi. Mama peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Jumatatu nikaamka nikakuta begi langu mlangoni, na kando yake kibuyu cha mursik, maziwa ya kumpelekea mjomba. Mama alikuwa ameshaenda kuchuma. Nikachukua brashi kwa mara ya mwisho, maana pasta alitaka kondoo watoke kabla sijaondoka.

Njia ya kanisa inapita juu ya shamba letu. Nikaona Mama na majirani wameweka vikapu chini. Mke wa Mzee Langat amelala chali kati ya mistari, kofia usoni. Mama ameketi, mkono mmoja unasugua magoti, mwingine umeshika kikombe. Mara lori la majani likapiga honi kule kwa kituo cha kupimia, naye akamwaga chai yake na kusimama. Maisha yake yote anachuma chai, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe!

Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu! Chai haikuwa na makosa. Makosa ni wale kondoo, ambao mimi niliwaona kwa kalenda tu.

Sikuwatoa, niliwaokoa. Yule mnene akawa gunia la majani. Wengine wakawa leso za kichwa na aproni. Nikalaza wamama chini kwenye kijani, na Mchungaji nikamshikisha chupa ya chai, anawaongezea.

Jioni Mama akaja mbio, gari la Chepseon limeshaniacha. Akafika mbele ya ukuta, akasimama kabisa. Akanyoosha kidole kwa yule mama mwenye kikombe.

“Huyo ni mimi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na lori iko wapi?”

“Sikuichora.”

Akaketi kwa benchi ya mbele, akakaa sana.

Begi alilirudisha ndani yeye mwenyewe. Mursik tulikunywa sisi, mjomba anisamehe. Jumapili iliyofuata Mzee Langat akainua mkono tena, nikafunga macho. Akasema tu kwamba yule aliyelala na kofia ni mke wake, na watu waimbe polepole asiamke.

Kijana mwenzangu unayeanza kuchora, kuimba ama kupiga picha, ukichekwa usikimbie. Sikiliza wanacheka nini, hapo kuna kazi. Na kabla hujatafuta kondoo wa mbali, angalia ni nani amechoka kwenu nyumbani, umchore huyo. Namshukuru Mungu aliyeniachia brashi zangu! Mtumaini na wewe. Halafu siku moja pitia kanisani kwetu, ukae benchi ya mbele. Hakuna honi itakayokuita.