Kifungo Kilichofukuliwa Shambani kwa Rienstra

Benchi letu la bandarini Hidderum linaitwa Benchi la Waongo, na jina hilo tumelistahili. Kila asubuhi chupa ya kahawa inazunguka: kwa Wobbe, aliyepewa jina la Kamusi kwa kuwa hakuna asilolijua, kwa Tjalling, mstaafu wa kiwanda cha jibini, tunayemwita Maziwa, kwangu, na mwisho kwa Hylke Rienstra, asiyependa maneno. Kijiji kizima kinajua kwa nini. Mwaka 1943 ndege ya mabomu ya Waingereza iliangukia shamba la baba yake. Walikuwamo saba. Sita walizikwa kanisani, wa saba hakuonekana. Ikasemwa alishuka kwa parachuti, mzima, na baba huyo, mzee Douwe Rienstra, akamuuza kwa Wajerumani waliokuwa wakitutawala. Douwe alikana mpaka anaingia kaburini. Hylke akarithi shamba pamoja na maneno yake.

Vuli hii jeshi lilikuja kuifukua ile ndege. Juzi Hylke akatuonyesha picha kwenye simu. Alisema wachimbaji wanauliza kama kuna mzee anayekijua kitu hiki. Ni chuma cha duara, saizi ya kiganja, na vichuma vinne vimechomekwa pembeni.

Kamusi alisema ni saa ya kupimia urefu wa angani. Maziwa akabisha: saa gani haina mishale? Hiyo ni valvu, yeye kazungusha valvu miaka arobaini.

— Valvu ya maziwa kwenye ndege ya vita? akauliza Kamusi.

— Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Nayo ndege ukiijaza sana, inaanguka.

Ikawa kifuniko cha chupa ya chai ya rubani, maana Mwingereza hendi vitani bila chai. Ikawa kitovu cha bomu. Mwishowe Kamusi akasema ni kasha la siri za majasusi, ndiyo maana yule wa saba aliruka nalo. Hapo akajiuma ulimi. Hylke aliirudisha simu mfukoni, akatazama maji.

Leo asubuhi akaja Marrit, binti sajenti wa wachimbaji, tope mpaka magotini. Alituamkia, akachuchumaa mbele ya Hylke.

— Mzee, kile kitu tumekitambua. Ni kifungo cha parachuti. Kinakaa kifuani, mikanda minne inakutania hapo. Mtu akifika chini anakizungusha, anakipiga ngumi, mikanda yote inaachia.

— Kwa hiyo alikivua, akasema Hylke.

— Hapana. Vichuma vya mikanda, vyote vinne, bado vimo ndani. Kilikuwa mita nne chini ya udongo, penye kiti cha mpiga bunduki wa nyuma. Na asubuhi hii tumempata mwenyewe, palepale.

Hylke akauliza taratibu, kama anayeogopa kulivunja jibu:

— Hakushuka?

— Hakutoka kwenye kiti chake, mzee.

Maziwa alimmiminia binti yule kahawa. Akanywa, akatutazama mmoja mmoja.

— Lakini nani alimwona akishuka?

Mimi neno hilo nililisikia kwa mama, mama alilisikia sokoni. Na mimi nikalisimulia, tena mara nyingi, nikiongeza chumvi. Hatukuwa na jina hata moja la kumpa.

— Hylke, nikasema, tumekukosea. Wewe na marehemu baba yako.

Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja. Akatoa simu. Dada yake, Baukje, alihama hapa akiwa na miaka kumi na tisa kwa ajili ya maneno hayo, na hakurudi hata baba yao alipozikwa. Tulitaka kuinuka tumpishe, akatuashiria tukae.

— Baukje, akasema, upo umekaa? Baba alikuwa anasema kweli.