Nikimaliza Msimu Huu: Maisha ya Tamezo Hatakeyama, Mwangalizi wa Kisiwa

Mtawa Ryoen, wazee wa Ushirohama, majirani, na nyote mliokuja mkipasua theluji hii ya leo, familia imemtuma Ginji, mdogo wa kiume wa mjane, aliyekuwa mpiga makasia wa ukoo huu tangu ana nywele hadi hana, awasomee maisha ya marehemu, imemwonya asitie chumvi, naye amekubali kutia ile ya kukolea tu.

Marehemu Tamezo Hatakeyama alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa hapa Ushirohama, kando ya Ziwa Mizukuri, akiwa mtoto wa nne wa mzee Yoshimatsu, mchoma makaa, na mama Toyo, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya wasichana, nyumba zote zikiwa zimepangwa wanasesere, kaka zake walimtania kwa hilo mpaka wao wenyewe walipoitwa babu.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1945, akamaliza ya kati mwaka 1954, na walimu wake, ambao wote wametangulia mbele ya haki, hawakumkumbuka kwa hesabu wala kwa kusoma, walimkumbuka kwa ufagio, maana wenzake walipomaliza zamu ya usafi wakarudi darasani, yeye alibaki uani akifuata jani lililoangushwa na upepo, na mara nyingine somo liliisha kabla halijaisha jani.

Baada ya shule alifanya kazi katika kiwanda cha mbao bondeni, na majira ya baridi alikwenda Tokyo kujenga majumba pamoja na vijana wengine wa huku, akarudi kila mara akilalamika kwamba mji ule hauna majani ya kutosha, hadi tarehe 1 Aprili 1966, mzee Jinbei, mwangalizi wa kabla yake, alipozidiwa na magoti, wazee wa kijiji wakampa marehemu kazi ya uangalizi wa kisiwa cha Matsunoshima, yaani kile kihekalu, ile misonobari, lile gati, na nyumba ya chumba kimoja yenye jiko linalotoa moshi kuliko moto.

Tarehe 10 Januari 1968 marehemu alifunga ndoa na Bi Kinue, binti wa mwenye duka la tofu, ambaye leo tunaye hapa mbele, na ni lazima isemwe wazi kwamba ndoa hiyo ilikuwa na tatizo moja tangu siku ya posa, tatizo ambalo kila mtu hapa analijua kwa sababu amelelewa nalo, kwamba Benten wetu wa kisiwani ni mungu wa kike mwenye wivu, hapendi kuona mume na mke, kwa hiyo wanandoa hawapandi mashua moja kwenda wala kutoka kisiwani, na maji yakiwa wazi hawalali huko pamoja, wakithubutu wataachana. Ni wakati wa barafu peke yake ndipo Benten hulala chini ya theluji, asione anayepita juu yake. Mwangalizi naye hana ruhusa ya kulala nchi kavu, kwa sababu taa ya hekalu huwashwa jioni na mlango hufunguliwa alfajiri, mvua inyeshe jua liwake.

Baba mkwe, mzee Seiemon, aliyekuwa na neno moja kwa wiki, siku ya posa alitumia maneno ya mwezi mzima, akamuuliza kijana mbele ya mshenga, "Sasa wewe utashuka lini ukae na mwanangu?" Marehemu akainama vizuri, akajibu, "Nikimaliza msimu huu, baba." Ahadi ni deni, na Bi Kinue, ambaye katika dunia hii hakutaka nyumba kubwa wala kimono cha hariri, alitaka tu mume wake alale upande wa pili wa ukuta wa duka, alilishika deni hilo kwa mikono miwili.

Mwenyezi aliwajalia watoto wawili, Michiyo, aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 1969, na Hiroki, aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1972, na wale wanaojua kuhesabu miezi kurudi nyuma hadi wakati wa barafu wameshahesabu, hakuna haja ya kuwasaidia.

Maisha yake ya kila siku yalikwenda na majira, na kila majira yalimpa sababu ya kutoshuka. Masika, barafu ikivunjika, alifungua kamba za misonobari, akapigilia upya mbao za gati zilizoinuliwa na barafu, akajiandaa kwa sikukuu ya mashua mwezi wa tano, na aliyemuuliza habari za kushuka aliambiwa asubiri sikukuu ipite. Sikukuu ikipita nyasi ziliota. Kiangazi kizima alikata nyasi, akafukuza nyigu chini ya paa, akaokota kofia za wageni majini, huku akifanya kazi ambayo hakutumwa na mtu, ya kusimama gatini upande wetu kila Jumapili na kuwachunguza wageni wa mjini, nani mke wa nani, kisha kuwatenganisha katika mashua mbili, kwa faida yao wenyewe. Wako maharusi waliosafiri kutwa nzima kuja fungate, bwana harusi akajikuta anavushwa pamoja na mafungu ya figili, bibi harusi akavushwa na wazee wa chama cha kunyoa misonobari. Aliwatenganisha pia kaka na dada waliofanana kama vikombe vya seti moja, akisema tahadhari haiumizi. Aliyemshinda ni mzee mmoja mnene aliyefika na bibi yake wakinuniana, alipoambiwa kwamba wakipanda pamoja wataachana, akamshika marehemu mkono na kumwambia kwa upole, "Ndugu yangu, nimetoka mbali kwa ajili hiyo hiyo."

Vuli ndiyo iliyokuwa enzi yake. Majani ya kisiwani aliyafagia kwa heshima, lakini yale yaliyopeperushwa kutoka upande wetu aliyajua kwa sura, akayakusanya katika gunia la peke yake, na kumkabidhi Ginji ayarudishe kwa wenyewe, na wako majirani humu ndani waliopokea magunia hayo mlangoni bila kuelewa kosa lao. Baadaye alisimamisha nguzo katikati ya kila msonobari, akateremsha kamba kutoka kileleni hadi kila tawi ili theluji isiyavunje, na mtu mwingine akimsaidia kufunga, marehemu alimshukuru, akamnywesha chai, akamsindikiza hadi gatini, kisha akarudi kuzifungua zote na kuzifunga upya.

Baridi ikakaza, ziwa likaganda, hapo ndipo alipokuwa mtu mwingine. Kila asubuhi alitoka na mti mrefu akigonga barafu mbele yake, na siku iliyomridhisha alitundika kitambaa chekundu kwenye nguzo ya gati, Bi Kinue akakiona kutoka dukani, akamwachia Ginji mawe ya kusagia soya, akapakia tofu na mchele kwenye ubao wa kuburuta, akavuka kwa miguu kwenda kuwa mke. Waliishi hivyo majuma sita, mwaka mzuri manane, na watu wa pwani hii tulijua barafu inakaribia kupasuka tukiona Bi Kinue anarudi amekunja uso.

Kuna tukio la mwaka 1998 ambalo familia ilitaka lirukwe, lakini mjane mwenyewe amesema lisomwe. Mwaka huo marehemu alitimiza miaka sitini, watoto wakamvalisha kizibao chekundu kama ilivyo desturi, naye akakipenda, akakivaa kwa kazi zote hadi kikaota ukungu wa jasho, na mwezi wa kumi na mbili, wiki mbili kabla barafu haijakomaa, akakifua. Akakianika. Wapi pengine penye upepo kama nguzo ya gati? Bi Kinue alipoona wekundu ule hakusubiri kumaliza kufunga aproni, akashuka ziwani na tofu yake, na kabla hajayapita matete barafu ikafunguka, akazama hadi kiunoni, tofu za asubuhi nzima zikaelea zikimzunguka. Alitolewa na Ginji kwa kasia. Marehemu, aliyeona yote kutoka ng'ambo asiweze kufika, alipiga magoti kwenye theluji akiwa na shati jembamba, maana kizibao kilikuwa juu ya nguzo. Bi Kinue hakumtumia salamu hadi cheri zilipochanua, na salamu yenyewe ilikuwa fupi, ililetwa na Ginji neno kwa neno, "Mwambie anunue cha kijani."

Ndugu waombolezaji, tumecheka, lakini miaka ilikuwa inakwenda. Kuanzia mwaka 2007 barafu ikawa ya kubahatisha, mwaka huu inakuja, mwaka ujao haiji, na kuanzia mwaka 2016 ziwa likaacha kuganda kabisa. Baridi tatu mfululizo marehemu aligonga kingo za maji kwa mti wake kila asubuhi, akakirudisha kitambaa mfukoni, na Bi Kinue, aliyekwisha kupita miaka sabini na mitatu, akasimama mbele ya duka na ubao wake umepakiwa, akangoja mpaka wateja walipomwita. Hapo ndipo mzaha wa msimu huu na msimu ujao ulipotuuma sisi sote, kwa sababu tuliona kwamba watu hawa wawili huenda wakafa wakiangaliana.

Tarehe 27 Novemba 2019 marehemu alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga msonobari wa mwisho, akavunjika nyonga, akajiburuta hadi ndani, na Ginji alipofika na mahitaji akamkuta amelala kando ya lile jiko la moshi, anakohoa, na hataki kuondoka. Daktari wa kijiji alivushwa, akakataliwa. Mtawa Ryoen akavushwa, akampa ruhusa, akamwahidi kwamba hekalu lenyewe litawasha taa, naye akajibiwa kwamba bado matawi matatu. Theluji nzito ilitabiriwa kwa kesho yake. Ndipo Bi Kinue alipovua aproni, akapanda mashua ya mdogo wake, na ilikuwa mashua pekee iliyobaki majini, nyingine zote zilishapinduliwa na kufunikwa kwa ajili ya baridi, na giza halingengoja safari ya pili.

Alipofika hakumtazama mgonjwa, alikwenda moja kwa moja kwenye msonobari, akafunga matawi matatu, vibaya sana, marehemu akimtazama kupitia mlango na kuteseka kuliko alivyoteseka na nyonga, kisha akaingia, akamfunga blanketi kwa fundo lile lile.

Marehemu akasema, "Mama Michiyo, mashua ni moja. Tukipanda wote tutaachana."

Bi Kinue akamjibu, "Baba Michiyo, miaka hamsini na mmoja wewe unalala huku na mimi nalala kule. Huyo Benten wako amebakiza nini cha kutenganisha?"

Marehemu alinyoosha mikono abebwe. Ginji alipiga makasia akiwa ameinamisha uso, lakini aliona ya kutosha, aliona jinsi marehemu alivyoushika ubao wa mashua kwa mkono mmoja akingoja kuachanishwa, akitazama maji, akitazama mbingu, akimwomba Benten radhi kwa minong'ono, na jinsi walipofika katikati ya ziwa bila lolote kutokea, alivyouachia ubao ule na kushika mkono wa kimono cha mke wake, wala hakuuachia hadi gatini. Bi Kinue alilia njia nzima huku akimgombeza kwa kukonda.

Hivyo ndivyo marehemu alivyoanza maisha ya ndoa akiwa na miaka themanini na mmoja, na kwa kweli alikuwa mume mgumu. Aliamka alfajiri kufungua mlango wa duka kwa kuuinamia, akafagia barabara kwa mkongojo mmoja hadi majirani wakakosa majani ya mbolea, akafunga kamba hata kwenye mti wetu mwembamba wa matunda ya persimoni usiozidi urefu wa mtoto, na wanandoa waliokuja kununua tofu aliwaomba waingie mmoja mmoja. Tena alikoroma, jambo ambalo upepo wa kisiwani ulikuwa umelificha, na Bi Kinue aliwaambia wanawake wa mtaani kwamba sasa anamwelewa Benten, hakuwa na wivu hata kidogo, alitaka usingizi. Alilisema hilo kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku alilisema akicheka.

Mwanzoni mwa mwezi huu marehemu alipatwa na nimonia, akatibiwa hospitali ya mjini, akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 17 Februari 2023, baada ya kula tofu ya moto vijiko vichache na kuuliza kama theluji ya paani imeshashushwa, mauti yalimkuta akiwa upande wa pili wa ukuta wa duka, mke wake akiwa pale pale. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano, na hakuna hata mjukuu mmoja anayefagia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kuelekezwa namna ya kutandika vitanda, Mtawa Ryoen na wazee wa hekalu, majirani walioshusha theluji juu ya paa letu wakati sisi tukilia, na waangalizi wenzake wa mahekalu ya mabondeni waliofika jana na mafagio yao, wakafagia njia hii mliyopita.

Lipo tangazo moja la mwisho. Mnajua kwamba hekalu lilimwandalia marehemu mahali chini ya msonobari mkubwa wa kisiwani, kama alivyoomba zamani, na mashua ya kupeleka majivu tayari imepambwa. Jana asubuhi mjane alimkaribisha Mtawa chai, akamwinamia mpaka kwenye mkeka, akasema, "Mtawa, naomba unisamehe. Nilimngoja miaka hamsini na mmoja ashuke. Ameshuka. Simrudishi." Mtawa naye aliinama, wala hakubisha, na kwa hiyo majivu yatalazwa hapa nyuma ya duka, katika kaburi la ukoo wa mke wake, na nafasi ya pili imeachwa kando yake, bila maji katikati.

Basi shemeji Tamezo, pumzika kwa amani nyumbani kwako, mkeo ameshafunga mlango na ufunguo anao yeye.