Mama Kijiko, Mwonjaji wa Meza ya Mazungumzo

Ndugu waombolezaji, majirani, na waheshimiwa wajumbe wa pande zote mbili mlioziacha silaha zenu nje ya ua huu, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba radhi kwamba itasoma kwa haraka, kwa kuwa usitishaji wa mapigano mliotukubalia kwa ajili ya mazishi unakwisha jioni hii.

Marehemu mama yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Kijiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitinda mimba wa fundi bomba na mkewe mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, akajifunza upishi katika jiko la hospitali, na mwaka 1981 akaajiriwa katika hoteli iliyo mkabala na stesheni, ambako msaidizi aliyezidisha chumvi alisemwa naye mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na dereva wa treni ya mizigo, wakajaliwa wana wawili na binti mmoja. Vita vilipoanza, mumewe aliuawa na bomu lililotegwa relini, kifungua mimba akachukuliwa na upande wa msituni, wa pili akaandikishwa jeshini na upande wa serikali, na hapa familia inachagua maneno kwa uangalifu, maana tunaogopa.

Mazungumzo ya amani yalipoletwa hotelini kwake mwaka 2014, kwa hofu ya sumu hakuna mjumbe aliyekubali kula kabla mpishi hajaonja kila sufuria mbele ya wote, naye akawa akitania kwamba nchi nzima imebakiwa na mdomo mmoja tu unaoaminiwa na kila mtu, nao ni wake.

Tarehe 11 Agosti 2015, tumbo likimsokota, alipeleka chakula bila kwenda kuonja, akidhani wamekwisha kumzoea, lakini upande mmoja ulipoona hayupo ulinong'ona ukainuka, na wa pili ukainuka kwa kuona wenzao wameinuka, na kabla ya jua kuzama mizinga ilikuwa inalia. Katika mapigano hayo mwanawe wa pili aliuawa darajani. Hakuna aliyemlaumu mama isipokuwa yeye mwenyewe, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mliporudi mezani mwezi Oktoba, naye alirudi. Januari daktari alimkuta na shinikizo la damu na figo zilizochoka, akamkataza chumvi kabisa, lakini aliendelea kuonja kila sufuria, kwa hofu kwamba akikosa siku moja tu mtainuka tena, na mwanawe aliyebaki msituni naye atakwenda. Tarehe 2 Mei 2016 alianguka jikoni, akafariki hospitalini alfajiri iliyofuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila umeme, majirani waliochimba kaburi huku wakiangalia nyuma, na wapishi wenzake.

Waheshimiwa, kesho mchana sufuria zitaonjwa na binti yake, ndiye huyu anayewasomea, na moyo wake unakwenda mbio kuliko anavyoweza kusema, lakini atakuwepo, nanyi anawaomba mwepo. Pumzika kwa amani mama, kijiko nimekipokea.