Kengele Aliyoikata Papa Cassien

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za jikoni. Leo tunamkumbuka Cassien Mirindi, fundi wa maji, tuliyemzika Jumamosi hapa Kamembe. Kama umekunywa maji ya bomba mjini hapa miaka hii minane, yalipita mikononi mwake.

Cassien alikulia Bukavu, ng'ambo huko Kongo. Alirudi hapa Kamembe mwaka 1995 akakuta kituo cha pampu kimeporwa hadi vitasa. Iliyobaki ni mita yenye rota mbili, mfano wa feni ndogo, moja mbele, moja nyuma. Maji huzizungusha zote. Zikielewana, mita ni nzima. Zikiachana, kuna ubovu ndani, basi kengele inalia na pampu inasimama.

Rota ya mbele ilikuwa ya kiwandani. Ya nyuma ilikuwa imevunjika, Cassien akaichonga upya kwa chuma cha gari bovu, akaipima mpaka ikaelewana na mwenzake. Alijivunia sana, lakini moyoni hakuiamini.

Agosti 1998 vita vikawaka ng'ambo. Watu wakavuka kwa maelfu, foleni za bidoni, madumu ya maji, zikafika barabarani. Kengele ikaanza kulia. Pampu inasimama, watu wanapiga kelele. Cassien akasema moyoni, ni ile rota yangu tu. Akakata waya wa kengele ili pampu isisimame tena.

Siku ya tatu watoto wa mtaani kwake wakaanza kutapika na kuhara. Binti yake Umutesi naye akaanguka. Cassien akakimbia kufungua mita. Rota aliyoichonga ilikuwa safi. Ya kiwandani ndiyo ilizongwa na nyuzi za wavu wa sambaza, wale dagaa wa ziwa tunakovuta maji, inajikokota. Na pampu ya klorini ilifuata hesabu ya rota hiyo hiyo, ikatoa dawa nusu tu. Jamani, rota yake ndiyo iliyosema kweli.

Mkubwa wake wa kazi alimsihi arudishe waya, anyamaze. Cassien akavua kofia, akapita foleni nzima akiwaambia watu:

“Mimi njo nilikata kengele. Muchemushe maji, tafazali.”

Walimtukana. Umutesi alipona. Shema, mtoto wa jirani yake Nyirahabimana, hakupona. Tangu siku hiyo mama huyo hakumsemesha Cassien tena. Miaka mitano, ukuta kwa ukuta, hata salamu hakuna. Na Cassien aliurudisha waya, hakuigusa tena kengele ile. Ikilia, aliacha chakula mezani akakimbilia kituoni.

Jumamosi jeneza lilikuwa limefika kaburini, mlinzi wa kituo akaja mbio: kengele inalia. Mafundi wakatazamana, wanaona haya kuondoka. Mjane, Maman Mukagatare, akawaambia:

“Mwende. Cassien hangekubali batu banywe maji mubaya juu yake. Tutangoja.”

Wakaenda. Walikuta uzi wa wavu kwenye rota ya mbele. Sisi tukangoja saa nzima na nusu, jeneza kando ya shimo, na hakuna aliyenung'unika.

Maman Mukagatare, Umutesi, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ni kengele gani umeikata kwa sababu ilikusumbua.

Tulipomaliza kuzika tulinawa mikono kama desturi. Aliyeshika bidoni ya kutunawisha alikuwa Nyirahabimana. Maji aliyateka bombani mwenyewe asubuhi ile. Alianza na Umutesi, na kabla hajammiminia, alimwambia pole.