Jogoo wa Pete ya Bluu

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, kwenye benchi la Magreth muuza kahawa, na hakuna jambo linalotushinda pale isipokuwa kunyamaza. Wiki mbili hizi mada ilikuwa chanjo mpya ya kuku. Mtafiti mmoja, Hosiana, alipita mtaani akaeleza vizuri tu: bakteria huachia vifuko vidogo mno vya utando wake, visivyo na uhai. Yeye na wenzake wamemrekebisha bakteria huyo ili vifuko vitoke vimebeba alama za magonjwa matatu, mwili wa kuku uyajue yote kwa sindano moja. Aliyechanjwa anavishwa pete ya bluu mguuni. Kijiwe kikapinga, na aliyeongoza ni Injinia, fundi redio mwenye kibanda hapo hapo.

— Magonjwa matatu kwenye kifuko kimoja? Injinia alifoka. Hiyo antena, jamani! Kuku anashika mawimbi.

— Ndiyo maana majogoo siku hizi wanawika saa nane mchana, akadakia Mzee Mwinshehe, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Wanafuata saa ya Ulaya.

— Na ukila paja lake, mzee, unaanza kupokea.

— Kupokea nini?

— Matangazo!

— Lakini dada Hosiana alisema ni alama tu, siyo ugonjwa wenyewe, Magreth akasema.

— We mimina kahawa, utaalamu tuachie, Injinia akamkata.

Hapo akafika Paskalia, mkulima wa mboga kutoka mlimani, na tenga tupu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kuku wako wapi?

— Wameisha. Kumi na tisa, siku tatu, kipindupindu cha kuku. Nilikuwa nawapeleka kuchanjwa, nyie mkanicheka hapa hapa mpaka nikarudi nao. Jirani yangu Yuliana alichanja. Wake wanaparua bustani yangu.

Niliona aibu. Siku ile mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Mara jogoo mwekundu akatoka kibandani kwa Injinia, akajinyoosha mbele ya benchi. Mguuni ana pete ya bluu.

Paskalia akamtazama, akatutazama.

— Huyu wa nani?

Mzee Mwinshehe akachungulia kikombe chake. Injinia akaanza kupekua nyaya mfukoni. 

— Basi hana mwenyewe.

Akamdaka, akamtia tengani, akajitwika. Injinia akazidi kupekua nyaya zake. Walipofika njia ya mlimani jogoo akawika. Ilikuwa saa nane mchana, na hakuna aliyetaja mawimbi.